Rusumo: jinsi Mto Kagera ulivyogeuzwa mpaka, na waliovuka pale toka 1894

Mhangaza (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Juzi kulikuwa na mjadala wa foleni ya malori Rusumo, nikaona wengi wanalijua daraja lile kwa mambo mawili tu: mizigo ya Kigali na picha za 1994. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, na pale mpakani nimefanya uwakala wa forodha muda wa kutosha kuona mengi. Nashusha historia yake hapa kwa vipande, kadiri nitakavyopata nafasi. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Nianze na mahali penyewe. Nyabarongo unatoka Rwanda ukiwa umeshaubeba Akanyaru. Ruvubu unatoka Burundi na kukatiza Ngara. Inakutana juu kidogo ya maporomoko, na kuanzia hapo ndipo mto unaitwa Kagera kweli kweli. Halafu maji yote hayo yanabanwa kwenye mwamba na kushuka kama mita 15. Daraja limepita juu ya korongo hilo hilo. Ukivuka kwa mguu siku ya mvua unarushiwa manyunyu usoni.

Kwa nini wavuke hapo na si kwingine? Panda juu ya Rusumo, utakuta mabwawa na mafunjo hadi Ziwa Rweru. Shuka chini, ni mafunjo tena, kilomita kwa kilomita, hadi ilipo Hifadhi ya Akagera. Mtumbwi unapita, lakini msafara wenye mizigo, jeshi au kundi la ng'ombe utaupitisha wapi? Rusumo kingo ni mawe na zimekaribiana. Kwa hiyo kila mwenye safari kubwa kati ya Karagwe, Ngara na Rwanda ya mashariki alijikuta anaelekea pale.

Hoja yangu ni moja, na nitairudia mkichoka mniambie: mto ule ulifanywa mpaka na karatasi, na kila karatasi ilipobadilishwa huko mbali, pale Rusumo waliogeuzwa njia ni watu.

Karatasi ya kwanza ilitangulia hata mguu wa Mzungu. Wakubwa wa Ulaya walishakubaliana kwamba Rwanda ni ya Wajerumani kabla Mjerumani yeyote hajaikanyaga. Aliyekuja kuikanyaga ni Gustav Adolf von Götzen. Alianza safari Pangani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi wa pwani, akafika Rusumo na kuvuka tarehe 2 Mei 1894. Mwishoni mwa mwezi ule akawa mbele ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri, ambaye hakuwa na habari kwamba nchi yake ilishagawiwa. Rwabugiri alifariki mwaka uliofuata. Götzen alirudi baadaye kama gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1901 hadi 1906. Ndiye aliyekuwa kiti cha juu wakati wa Maji Maji. Kwa hiyo mtu aliyefungua njia ya Rusumo ndiye huyo huyo aliyekuja kuwaunguzia wazee wetu wa kusini mashamba. Hilo watu hawaliunganishi.

Naendelea jioni.

Sukani Kushoto:

Siti ya mbele nimeshakaa. Hiyo njia nimeila tangu daraja la zamani, lile la gari moja. Endelea mkuu, nitachangia tukifika kwenye malori.

Kumbikumbi:

Hapo kwenye "karatasi" naona chai. Kabla ya Mjerumani, Karagwe ilikuwa upande huu na Gisaka upande ule, katikati mto. Wafalme wenyewe walijua mwisho wao ni Kagera. Mzungu alikuta mpaka, hakuuleta yeye. Tusimtwishe kila kitu.

Mhangaza:

Kumbikumbi, hoja nzuri, na haipingani na nilichosema. Himaya zilikomea pale, sawa. Ila kukomea kwa himaya maana yake ni wapi watu wanapeleka kodi na ng'ombe wa mfalme. Mtu wa Gisaka mwenye shemeji Karagwe alivuka bila kumuuliza yeyote. Na Gisaka yenyewe ilikuwa ufalme wake hadi Rwanda ilipoimeza katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo hata huo "mwisho wa Rwanda" ulikuwa mgeni pale Rusumo. Ulikuwa na umri wa babu mmoja tu Götzen alipofika.

Upande wetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Wilaya ya Ngara ya leo imeundwa kwa nchi mbili za zamani: Bushubi na Bugufi. Bugufi ilikuwa na mafungamano na Burundi, na Warundi waliidai kwa miaka mingi. Lugha yetu Kihangaza, Mrundi anaielewa bila mkalimani. Sasa niambie mpaka wa asili uko wapi hapo.

Tuje kwenye karatasi kubwa. 1916 Wabelgiji wakaingia Rwanda wakitokea Kongo. Kigali ikaanguka Mei, Tabora Septemba 19. Vita vilipokwisha, Ubelgiji imekalia sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania ya leo, Uingereza imekalia kwingine. Mei 1919 wakakaa watu wawili, Pierre Orts kwa upande wa Wabelgiji na Lord Milner kwa upande wa Waingereza, wakagawana. Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, kwingine kwa Mwingereza.

Isipokuwa kipande kimoja. Mwingereza alitaka ukanda wa ng'ambo ya Kagera, yaani Gisaka, upande ambao leo ni Rwanda. Sababu? Reli. Kulikuwa na ile ndoto ya reli kutoka Cape hadi Cairo ipite ardhi ya Mwingereza tupu, na wapimaji waliona njia nyepesi ya kuunganisha Tanganyika na Uganda ni magharibi ya mto. Kwa hiyo kwa muda mfupi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Gisaka ilikuwa Tanganyika. Aliyevuka Rusumo wakati huo kuelekea magharibi alikuwa hajatoka nchini.

Mwami Musinga alilalamika kwamba amekatwa mkono. Wamisionari Wakatoliki walipiga kelele kwa ajili yake, na Kamisheni ya Udhamini ya Shirikisho la Mataifa ikaona ana haki. Ilipofika 1924 Gisaka ilikuwa imesharudi, na Kagera ndiyo ikawa mpaka rasmi mpaka leo. Reli haikujengwa hata futi moja. Bugufi nayo, pamoja na kelele za Warundi, haikurudi, na ndiyo maana mimi ni Mtanzania.

Kumbikumbi:

Hii ya Gisaka kuwa Tanganyika ni mpya kwangu. Kwamba kidogo tu tungekuwa tunaita Kibungo ya huko Gisaka "mkoa"?

Mhangaza:

Kidogo tu.

Bint Kyaka:

Samahani nadandia. Sisi wa huku chini ya mto tuna hadithi yetu ya Kagera kutaka kufanywa mpaka. Novemba 1978 Amin alitangaza kwamba eneo lote kaskazini ya mto ni Uganda, jeshi lake likalivunja daraja la Kyaka ili JWTZ wasivuke. Kwake naye mto ulikuwa mstari mzuri wa kuchora. Wanajeshi wetu wakaweka daraja la muda wakavuka, mengine mnayajua. Nasema hivyo kwa sababu huyu mto kila mwenye bunduki au kalamu akiutazama anaona mpaka. Sisi tunaoishi kando yake tunaona samaki, mamba na mchanga wa kujengea.

Nyabugogo:

Muraho neza, wandugu. Nipo Kigali, Kiswahili changu ni cha Karagwe nilikokulia, mtanisamehe kikichanganyika.

Mzee ameruka 1959. Babu yangu alivuka wakati wa zile vurugu za 1959 hadi 1962, Watutsi walipokuwa wakichomewa nyumba. Wengi walikimbilia Uganda, Burundi na Kongo. Waliokuja Tanganyika walikuwa wachache zaidi. Wengine wakapelekwa makazi ya Muyenzi huko huko Ngara, wengine Mwese kule Mpanda, na sisi tukabaki Karagwe na ng'ombe wetu. Nyerere hakutufungia ndani ya kambi kama kwingine. Tulipewa mashamba, na kuanzia 1980 hivi serikali iliwapa uraia maelfu mengi ya Wanyarwanda wa namna yetu. Kuna waliochukua, kuna waliosema wanangoja kurudi.

Baba alikuwa wa kundi la pili. Nyumbani kulikuwa na sanduku la bati ambalo halikufunguliwa, "hadi siku ya kurudi". Oktoba 1990 RPF, jeshi la Wanyarwanda wa uhamishoni, waliposhambulia kupitia Kagitumba, kule Kagera inakogusana na Uganda, aliuza fahali wawili na hakusema pesa imekwenda wapi. Sote tulijua.

Turudi Rusumo. Mnaposema "wakimbizi wa Rwanda" mjue kuna wakimbizi waliovuka kuja mashariki mara mbili, na walikuwa wanakimbiana wao kwa wao.

Mhangaza:

Nyabugogo, karibu sana, na nashukuru kwa sentensi hiyo ya mwisho. Ndiyo inayonifikisha kwenye sehemu ambayo nimekuwa naizunguka.

Kwanza tarehe. Aprili 6, 1994 Rais Habyarimana wa Rwanda alikuwa anarudi kutoka kwenye kikao Dar es Salaam, ndege ikaangushwa Kigali. Mauaji yakaanza usiku ule. Mashariki, kwenye wilaya zinazopakana na sisi, yalikwenda kasi sana. Kanisa la Nyarubuye haliko mbali na mto. Katikati ya Aprili maelfu ya Watutsi waliojificha mle waliuawa. Aliyeongoza alikuwa meya wa komuni ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi.

Halafu mto ukaanza kuleta maiti. Hili watu wa Ngara hatulizungumzi hovyo. Zilikuwa zinashuka kwenye maporomoko, zinazunguka kwenye bwawa lililo chini yake, nyingine zimefungwa mikono. Huko nyuma, Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama jukwaani kule Kabaya akasema Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mkato ya Nyabarongo. Mnaukumbuka huo mto niliouanza nao? Ndio unaopita Rusumo. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha Rwanda mwaka 2016.

Wiki ya mwisho ya Aprili RPF wakawa wanakuja wakitokea kaskazini kuelekea mpakani. Tarehe 28 na 29 watu wakamwagika darajani. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walikadiria kwamba ndani ya saa 24 walivuka kama watu 250,000, na wakasema hawajawahi kuona msafara mkubwa na wa haraka namna ile. Lile daraja la njia moja! Nilikuwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni utulivu. Watu wamebeba magodoro, mahindi, mbuzi, wametembea kwa mpangilio nyuma ya viongozi wao, kata baada ya kata. Darajani waliambiwa waache silaha, na likaota lundo la mapanga na marungu kando ya barabara. Baada ya siku mbili RPF wakafika upande wa pili na mlango ukafungwa.

Waliovuka safari hii wengi walikuwa Wahutu. Kati yao walikuwamo wakulima waliokuwa wanaogopa tu, na walikuwamo waliofanya kazi ile ya Nyarubuye. Wote wakapewa blanketi moja na mahindi yale yale.

Bint Kyaka:

Hizo maiti zilifika hadi huku, na zikapita hadi ziwani. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, walizika maelfu. Makaburi yapo hadi leo na Rwanda imejenga kumbukumbu. Samaki wa Ziwa Victoria walikosa mnunuzi. Mama yangu alikuwa anauza sangara mnadani, akaacha, akaanza kuuza ndizi. Watu walikuwa wanakuuliza samaki kala nini.

Sukani Kushoto:

Dah.

Mhangaza:

Kuhusu Benaco, ilikokuwa kambi ya hao waliovuka, kwa vijana mnaopita pale mnakula nyama choma. Jina ni la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa kujenga barabara. Palikuwa na ziwa dogo, na ndiyo sababu wakimbizi waliwekwa hapo: maji. Ndani ya siku chache pori likawa jiji la turubai za bluu, waandishi wakaandika kwamba ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Baadaye zikaongezeka Lumasi, Musuhura na nyingine. Wakimbizi wakatuzidi wenyeji wa wilaya nzima.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu tunapenda kusimulia ukarimu wetu tu. Ngara ilipata hasara na ilipata faida. Miti ilikwisha, maana kila familia inapika kwa kuni kila siku. Wizi ukaongezeka, pori la kwenda Biharamulo likawa la kuvukwa kwa msafara wenye polisi. Lakini pia zikaja ajira za mashirika, zahanati, visima na barabara. Mtu aliyekuwa na mkungu wa ndizi aliuuza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, na vijana waliojua Kiingereza kidogo na Kihangaza wakawa wakalimani wenye mishahara kuliko walimu wao. Kambi zilipofungwa, mji wa Ngara ulinywea.

Na Gacumbitsi? Alikuwa Benaco. Viongozi waliofika na watu wao ndio walioaminiwa kugawa chakula, akiwamo yeye. Juni 1994 ilipojaribiwa kumtoa kambini, maelfu wakafanya vurugu na wafanyakazi wa misaada wakakimbia. Alikuja kukamatwa 2001 kambini mkoani Kigoma. Mahakama ya Arusha ilimpa miaka 30 mwaka 2004, akakata rufaa, 2006 ikawa maisha.

Kumbikumbi:

Sasa twende kwenye 1996, maana pale serikali yetu inasemwa vibaya. Waliondoka wenyewe au walifukuzwa?

Mhangaza:

Machi 1995 tulishafunga mpaka, wasiingie wengine. Mapema Desemba 1996 serikali pamoja na UNHCR wakatoa tangazo: Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia Desemba 31. Kilichofuata nilikiona. Badala ya kuelekea Rusumo, kambi nzima nzima zikaamka alfajiri na kuelekea upande wa pili, ndani ya pori, kwenda mashariki. Viongozi wao waliwaambia wakirudi watachinjwa. Wanajeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza. Kisha ukawa mto wa watu kurudi darajani kwa wiki mbili hivi, karibu nusu milioni.

Watetezi wa haki za binadamu walisema ni kuwarudisha kwa nguvu, na wakailaumu UNHCR kwa kuweka saini. Serikali ilisema imebeba mzigo miaka miwili na nusu na Rwanda imeshatulia. Maoni yangu: mtu akigeuzwa na mwenye bunduki, hajaondoka mwenyewe. Lakini pia sijui ni lini wale mateka wa viongozi wao wangeachiwa kuchagua. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na jukwaa hili halipendi hilo.

Kumbikumbi:

Haha, limefika. Mimi nabaki na serikali. Hakuna nchi ingevumilia.

Nyabugogo:

Na mimi nilivuka kurudi, Julai 1994, kabla ya hao. Baba, sanduku la bati, ng'ombe. Daraja ni lile lile, sisi tunaelekea magharibi, na upande wa Tanzania wamejaa waliotoka. Tuliangaliana. Sina la kuongeza hapo.

Ila kuna 2013, mkuu, usiipite. Wajomba zangu waliobaki Karagwe, wengine wamezaliwa huko, waliambiwa ni wahamiaji haramu. Agosti ile walivuka maelfu na mifugo, wakapokelewa kambi ya Kiyanzi, Kirehe. Mjomba mmoja Kinyarwanda chake ni cha kubabaisha kuliko changu. Alikuwa na kadi ya chama cha huko.

Mhangaza:

Sipiti. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu waondoke, kisha ikaja Operesheni Kimbunga. Ujambazi na ugomvi wa malisho ulikuwa wa kweli, hilo hakuna wa Karagwe au Biharamulo atakayelikataa. Lakini ilikuja miezi miwili baada ya Kikwete kumshauri Kagame azungumze na FDLR, waasi wa Kihutu walioko Kongo, na uhusiano ulikuwa umechacha. Watu waliokaa miaka 50 wakajikuta wanaulizwa karatasi. Wengine walikuwa ndugu wa wale waliopewa uraia mwaka 1980. Tofauti yao ni kwamba babu mmoja alijaza fomu na mwingine alikuwa anachunga.

Sukani Kushoto:

Naomba sasa nilete malori, uzi umekuwa mzito.

Daraja la zamani lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 70. Njia moja. Gari la Kigali likipita, la Dar linasubiri. Unaingia taratibu, tingo kashuka anatembea mbele, ukiwa umebeba mafuta unasali. Kabla ya hapo umeshakaa foleni ya karatasi upande wa Tanzania, ukivuka unaanza upya Rwanda: gonga muhuri, fungua turubai, jibu maswali yale yale. Ukifika Ijumaa jioni umeumia, unalala hapo na mama ntilie wanakujua kwa jina.

Japani kupitia JICA ndiyo iliyotoa pesa ya daraja jipya, mita 80, njia mbili, na majengo ya kituo cha pamoja, kwamba unakaguliwa mara moja tu upande unaoingia. Lilikamilika mwisho wa 2014. Aprili 6, 2016 Magufuli na Kagame wakalizindua rasmi. Ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi tangu awe rais, watu waliiona kama kumaliza baridi ya 2013. Na tarehe mmeiona.

Kitu ambacho abiria hawakijui: pale ndipo dereva anabadilisha mkono. Huku tunaendesha kushoto, kule kulia. Mara ya kwanza nilivuka vizuri, kilomita kumi mbele usingizi ukanipitia kidogo, nikajikuta nimerudi kushoto na basi linanijia. Toka siku hiyo nikivuka nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

Halafu 2020, korona. Rwanda ikasema dereva wa Tanzania akifika Rusumo ashuke, dereva wa Rwanda apokee gari. Wao walikuwa wanaona maambukizi kwa madereva, sawa, ila jiweke kwenye kiti changu. Gari ya tajiri, mzigo wa mtu, nimkabidhi nisiyemjua funguo na mimi nibaki barabarani? Tukagoma. Foleni ilirudi nyuma hadi huoni mwisho. Wenzetu wakatoka kule nao wakakwama. Katikati ya Mei mawaziri wakakaa, ikakubaliwa mizigo mingine ishushwe na kupakiwa upya mpakani na mingine iende kwa kusindikizwa. Sehemu kubwa ya mzigo wa Rwanda unapita Dar, kwa hiyo hakuna upande ungeweza kununa muda mrefu.

Kumbikumbi:

Na umeme? Nilisikia pale pana mradi.

Mhangaza:

Upo, na nao una umri. Agosti 1977 Burundi, Rwanda na Tanzania zilisaini mkataba hapo hapo Rusumo kuunda Shirika la Bonde la Kagera. Uganda ikaingia 1981. Umeme wa maporomoko ulikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Vita vikala kila kitu, na shirika lenyewe likavunjwa 2004. Mradi ukafufuliwa chini ya mpango wa nchi za Bonde la Nile, Benki ya Dunia ikatoa dola milioni 340. Bwawa kubwa la michoro ya zamani liliachwa kwa sababu lingefukuza watu wengi na kuzamisha mabonde. Badala yake sehemu ya maji inachepushwa kwenye handaki, inazungusha mitambo, inarudi mtoni. Megawati 80, zinagawanywa sawa kwa nchi tatu. Mtambo wa kwanza uliunganishwa kwenye gridi 2023. Miaka 46 toka saini.

Mjukuu wa Isaka:

Wakuu nimesoma uzi wote. Nataka kwenda Kigali wiki ijayo kwa basi kutoka Kahama, mara yangu ya kwanza. Kitambulisho cha NIDA kinatosha? Na nibebe nini?

Sukani Kushoto:

Hakitoshi mdogo wangu. Kwa kitambulisho wanapita Wakenya na Waganda, sisi hatukuingia kwenye mpango huo. Beba pasi, au kachukue hati ya muda Uhamiaji kabla ya safari, usingoje kuomba pale. Beba na kadi ya njano, ile ya chanjo. Mifuko ya plastiki ondoa kwenye begi, Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008 na wanapekua. Shilingi badilisha kiasi tu mpakani, nyingine badilishia mjini.

Nyabugogo:

Na ukifika usipande pikipiki bila kofia, hata abiria. Kingine, tuko nyuma yenu saa moja. Basi la kurudi likiandikwa saa fulani, uliza ni saa ya Kigali au ya Dar, maana makondakta wengine ni wa huko na wanataja ya kwao.